Breki Hazifi Ghafula: Somo kwa Wenye Motokaa Kuukuu

Mara nyingi motokaa ikianguka bondeni watu husema, "Breki zilikatika ghafula." Maneno hayo ni kweli nusu. Mguu wa dereva huona jambo lile ghafula, lakini breki zenyewe zilikuwa zikifa siku nyingi kabla yake, tone kwa tone, nazo zilikuwa zikitoa habari ya kufa kwao. Dalili ya mvua ni mawingu. Na dalili ya breki kufa ni tone chini ya motokaa na upungufu katika kichupa cha mafuta ya breki. Asiyezijua dalili hizi na ajifunze. Aliyezijua akazidharau, huyo ana deni kwa roho za watu aliowapakia.

YALIYOTUPATA CHINI YA SONI

Siku moja nalikuwa katika motokaa kuukuu ya mwalimu mmoja mstaafu, tukiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Njia hiyo ni kama kilometa 33, nayo hushuka karibu meta 1000. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, na upande wa pili ni korongo. Twalikuwa watu sita, na nyuma mlikuwa na magunia ya kabichi na matenga ya matunda ya kuuza. Kabla hatujaondoka, kijana msaidizi alifunua boneti, akasema, "Mwalimu, mafuta ya breki yamepungua tena." Mwalimu akajibu, "Ongeza, mwanangu. Tutayatazama tukirudi." Kijana akajaza kichupa, akafunika, tukashika njia.

Soni twalipita salama. Mbele kidogo, katika kona kali, nalimwona mwalimu akikanyaga, na mguu wake ukazama mpaka chini kama mtu akanyagaye tope. Akakanyaga tena, hapana kitu. Bahati yetu alikuwa katika gia ya pili, wala hakuwa ameiacha motokaa iteremke bila gia. Akaingiza gia ya kwanza, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akaielekeza motokaa upande wa mlima hata ubavu wake ukakwaruza udongo, ikasimama. Twalishuka tukitetemeka. Mama mmoja aliyeketi nyuma alivunjika mkono, na kabichi zilitapakaa njiani. Upande wa pili wa njia twalisikia maji ya korongo chini sana, bila kuyaona.

Fundi aliyeitwa kutoka Mombo alilala chini ya motokaa, akatoka na kipande cha bomba la breki kilicholiwa na kutu hata kikawa chembamba kama ganda la yai. Akauliza, "Mwalimu, gari hili lilipata kukaa pwani?"

"Miaka minane, Pangani."

"Na mafuta mmeyaongeza mara ngapi?"

Mwalimu akamtazama kijana. Kijana akasema, "Mara tatu mwezi huu." Hapo sote twalinyamaza.

Mimi ni karani, na kazi yangu ni daftari. Katika ghala, ikiwa gunia moja limepungua, hapana karani mwaminifu awezaye kuleta gunia jingine akaziba pengo bila kuuliza la kwanza limekwenda wapi. Hata hivyo sisi tulijaza kichupa mara tatu, wala hatukuuliza. Ndiyo sababu naandika habari hizi.

JINSI BREKI ZIFANYAVYO KAZI

Mtu hawezi kutafuta ugonjwa asipoujua mwili. Ukikanyaga pedeli, mguu wako husukuma mafuta yaliyo katika silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta silinda. Mafuta hayo hupita katika mabomba membamba ya chuma, kisha katika mipira inayopindana, hata kufika kwenye silinda ndogo za magurudumu. Huko husukuma viatu vya breki vikabana ngoma ya gurudumu, au husukuma pedi zikabana diski.

Mafuta hufanya kazi hii kwa sababu kitu cha majimaji hakikubali kubanwa kikawa kidogo. Ukikisukuma upande mmoja, nguvu hutokea pande zote. Kanuni hii ilielezwa na Blaise Pascal wa Ufaransa katika karne ya 17. Mmarekani Malcolm Loughead alipata hati ya uvumbuzi wa breki za namna hii mwaka 1917, na kampuni ya Ford ilianza kuzitia katika motokaa zake za mwaka 1939. Kabla ya hapo motokaa nyingi zilifungwa breki kwa fimbo na waya.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili darasani. Twaa sirinji mbili mpya zisizo na sindano, uziunganishe kwa mpira mwembamba, uzijaze maji pasipo kubakiza hewa. Ukisukuma ya kwanza, ya pili hutoka papo hapo. Sasa acha hewa kidogo iingie, usukume tena. Utaona kidole chako chaenda mbali, na sirinji ya pili haijatoka sawasawa, maana hewa hubanwa na maji hayabanwi. Kisha toboa mpira kwa sindano, usukume mara ya tatu: maji yatatoka tunduni, na sirinji ya pili haitakuwa na nguvu. Watoto walioyaona hayo matatu wameona breki nzima, breki yenye upepo, na breki inayovuja.

Tena yafaa kujua kwamba motokaa nyingi za kale zina njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Bomba likitoboka mahali pamoja, magurudumu yote hukosa breki. Tangu mwaka 1968 sheria ya Marekani ilidai motokaa mpya za abiria ziwe na njia mbili zilizotengana, ili moja ikifa nyingine ibaki, na desturi hiyo ikaenea duniani. Mwulize fundi motokaa yako ni ya namna gani. Hata ikiwa na njia mbili, moja ikifa usiendelee na safari kwa kuwa ingali inasimama. Umebaki na nusu ya breki zako, wala huna akiba tena.

PWANI HULA BOMBA, MLIMA HUCHEMSHA MAFUTA

Nchi yetu ina adui wawili wa breki, nao hushirikiana.

Wa kwanza ni chumvi ya bahari. Motokaa ikaayo Tanga mjini, Pangani au Moa hupigwa na upepo wa chumvi mchana na usiku. Chumvi na matope hujificha pale bomba linaposhikwa na kibanio chake, na chini ya mlango wa nyuma, ambako jicho halifiki. Kutu huanza hapo. Bomba kwa nje laonekana zima, kumbe pale penye kibanio limekwisha.

Wa pili ni joto la mteremko. Fikiri motokaa yenye uzito wa tani mbili pamoja na mizigo yake, iteremkayo meta 1000. Nguvu yote ya mteremko huo, kama ikigeuzwa joto, yaweza kuchemsha karibu madebe matatu ya maji ya baridi. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na msuguano wa magurudumu. Iliyobaki huchukuliwa na injini au na breki. Ukiteremka katika gia ndogo, injini huchukua mzigo mwingi. Ukiweka gia huru ili kuokoa petroli, mzigo wote waangukia breki. Senti chache za petroli haziwi bei ya roho ya mtu.

Hapo yaja jambo ambalo wengi hawalijui. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi. Mafuta mapya ya alama DOT 3 hayachemki kabla ya kufika digrii 205 za Selsiasi, lakini yakisha kunywa maji, kiwango cha chini kinachotakiwa ni digrii 140 tu. Katika mteremko mrefu mafuta yaliyochakaa huchemka ndani ya silinda za magurudumu na kuwa mvuke. Mvuke hubanwa kama hewa, na mguu huzama. Motokaa ikisimama nusu saa, mvuke hugeuka tena majimaji, na pedeli hurudi kuwa ngumu. Dereva hufurahi, akasema zimepona. Hazikupona, zimepumzika tu. Kwa hiyo mafuta ya breki yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, hata kama hayakuvuja.

PEDELI YASEMAJE?

Mguu wa dereva ni kama mkono wa mganga juu ya mshipa wa mgonjwa. Yafaa usikilize:

1. Pedeli ikianguka mpaka chini mara moja, mafuta yanavuja mahali fulani kwa wingi, au silinda kuu imekufa.

2. Pedeli ikiwa laini kama sponji, na kupanda ukiipiga mara mbili tatu, mna hewa ndani. Kumbuka kwamba hewa haiingii bila mlango. Palipoingia hewa huenda ndipo mafuta yanapotokea.

3. Injini ikinguruma na motokaa imesimama, kanyaga pedeli kwa nguvu ya kadiri, usihesabu haraka, fika sitini. Ikizama polepole, wala nje hapana tone, basi vikombe vya mpira ndani ya silinda kuu vimechakaa, na mafuta yanapita humo humo ndani.

4. Pedeli ikiwa ngumu lakini motokaa haisimami, tazama busta, yaani kile chungu cha chuma kinachosaidia mguu, na mpira wake wa hewa. Ikiwa ni katika mteremko, na wasikia harufu ya kuungua, viatu au pedi zimepata moto mno.

5. Motokaa ikivutwa upande mmoja ukikanyaga, huenda mafuta yamelowesha viatu vya gurudumu moja, au silinda yake imeganda.

KUTAFUTA TONE

Anza na kichupa. Kifute kwanza, ndipo ukifunue, maana punje ya mchanga ikiingia huharibu mipira. Tia alama, uandike siku. Katika motokaa yenye diski, mafuta hushuka kidogo kidogo kadiri pedi ziishavyo. Huo ni upungufu wa miezi mingi, wala si ugonjwa. Lakini kichupa kinachotaka kujazwa kila juma kinavuja, hapana shaka.

Kisha iegeshe motokaa mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, utandike makaratasi safi chini yake usiku kucha. Asubuhi tazama palipoanguka tone. Likiwa chini ya mahali pa miguu ya dereva, shuku silinda kuu. Likiwa upande wa ndani wa gurudumu, au limechirizika juu ya tairi, shuku silinda ndogo au mpira wake. Likiwa katikati au karibu na ekseli ya nyuma, shuku bomba.

Pambanua tone lenyewe. Mafuta ya breki huteleza, nayo ni meupe yenye umanjano, au ya rangi ya chai yakichakaa. Mafuta ya injini ni mazito na meusi. Mafuta ya gia za otomatiki mara nyingi ni mekundu. Maji ya rejeta huwa na rangi iliyotiwa, na maji matupu yatokayo kwenye mtambo wa baridi hayana neno. Usiyaonje kamwe, maana mafuta ya breki ni sumu. Nayo yakigusa rangi ya motokaa huitoa, basi yaoshe upesi kwa maji mengi.

Ikiwa kichupa kinapungua wala hapana tone, tazama mahali pawili pa kujificha. Pa kwanza ni nyuma ya silinda kuu, pale inapoungana na busta. Mafuta yaweza kuingia humo bila kuonekana nje. Pa pili ni ndani ya ngoma za magurudumu. Ngoma ikisha kufunuliwa, inua taratibu ukingo wa kofia ya mpira ya silinda ndogo. Kukiwa na umajimaji, silinda hiyo imekwisha. Tena katika baadhi ya motokaa klachi na breki hutumia kichupa kimoja. Basi kagua na klachi pia.

Mwisho, mtu mmoja akanyage pedeli kwa nguvu, na mwingine atazame mabomba yaliyokwisha kufutwa matope, hasa penye vibanio. Mpira ulio na nyufa au unaotuna kama tumbo la chura ubadilishwe siku hiyo hiyo. Asiingie mtu chini ya motokaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Pawe na vigogo imara. Wala asipulize mtu kwa mdomo vumbi la ngoma, maana viatu vya breki vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbestosi, nayo huharibu mapafu.

KUTENGENEZA

Mambo haya ni ya fundi, lakini mwenye motokaa ayajue ili asidanganywe. Bomba lililotoboka hubadilishwa. Halifungwi kwa sabuni, wala kwa utepe, wala kwa kuligonga lizibe. Silinda ya gurudumu moja ikivuja, tazama na ya mwenzake wa upande wa pili, maana zina umri mmoja. Viatu vilivyolowa mafuta havikaushwi juani vikarudishwa. Hubadilishwa, kulia na kushoto pamoja.

Katika kichupa usitie mafuta ya injini, wala dizeli, wala ya kupikia, hata ukiwa porini. Mafuta hayo huivimbisha mipira yote, na kwa kukwepa kazi ya saa moja utakuwa umeharibu silinda kuu na silinda zote ndogo. Tia yale yaliyoandikwa katika kitabu cha motokaa, kutoka katika kopo lililofungwa.

Kazi ikiisha, upepo hutolewa kila gurudumu, kwa desturi kuanzia lililo mbali na silinda kuu. Mmoja hukanyaga na kushikilia. Mwingine hufungua skrubu, hewa na mafuta yakapita katika mpira mdogo kuingia chupani, akaifunga kabla mwenzake hajainua mguu. Hurudiwa hivyo hata mapovu yaishe, na kichupa kisiachwe kikauke. Mafuta yaliyotoka hayarudishwi. Kabla ya kupakia watu, motokaa ijaribiwe polepole mahali tambarare.

ZIKIKATIKA NJIANI

Usizime injini, maana usukani waweza kufunga na busta ikakosa nguvu. Piga pedeli haraka mara nyingi. Huenda nguvu kidogo ikapatikana. Shusha gia moja baada ya moja. Vuta breki ya mkono kidogo kidogo, maana hiyo kwa kawaida huvutwa kwa waya wala haitegemei mafuta. Katika Land Rover za zamani breki hiyo hushika shafti ya nyuma ya giaboksi, nayo ikivutwa kwa kishindo yaweza kuvunja vyuma. Lakini chuma kivunjike kuliko mtu. Piga honi, washa taa, elekea upande wa mlima, wala usielekee bondeni. Na sheria ya kwanza hutangulia zote: teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia.

DAFTARI LA MOTOKAA

Yule mwalimu sasa ana daftari dogo, limefungwa kwa uzi karibu na usukani. Kila Jumamosi huandika kipimo cha kichupa na siku, na mafuta yakiongezwa huandika kiasi na sababu. Sababu isipojulikana, motokaa hailali barabarani wala haipakii mtu. Hukaa mpaka tundu lipatikane. Watu wengine humcheka kwa ukarani huo. Yeye huwajibu kwa kuwaonyesha kile kipande cha bomba, ambacho amekiweka juu ya meza yake.

Mkono wa yule mama ulipona baada ya miezi, ila hatwangi tena kama zamani. Hakuwa amefunua boneti, wala hakujua kwamba mafuta yaliongezwa mara tatu. Alilipa nauli yake akaketi, akiamini kwamba wenye motokaa wametazama. Abiria wote ndivyo walivyo. Basi kila tulipakiapo watu, na tuwe tumetazama kweli.

Maswali ya kujifunzia: (1) Kwa nini hewa ndani ya bomba huifanya pedeli kuwa laini? (2) Motokaa mbili ni za mwaka mmoja, moja ilikaa Pangani na moja Lushoto. Utatazama nini kwanza katika kila moja? (3) Pedeli ilizama katika mteremko, kisha baada ya kupumzika ikawa ngumu. Je, ni haki kuendelea na safari? Eleza sababu.